Mama aliuziwa kengele ya dharura kwa simu: fedha zitarudi, na je, anyang'anywe simu?

"Mama yangu ana miaka 79 na anaishi peke yake tangu baba alipofariki. Wiki tatu zilizopita alipigiwa simu, akasikia sauti iliyorekodiwa ikimwambia kwamba mtu wa familia amemlipia kengele ya dharura ya kuvaa shingoni, na kwamba abonyeze namba 1 ili kuthibitisha mahali pa kuipeleka. Aliamini ni mimi, kwa sababu mwaka jana alianguka bafuni na tangu hapo nimekuwa nikimsisitizia awe na kitu cha namna hiyo. Alibonyeza, akazungumza na kijana mwenye adabu sana, na mwishowe akamsomea namba za kadi yake ya benki ili 'kuhakiki anwani'. Kifaa kimefika kweli, lakini bado kiko kwenye boksi. Benki nayo imeonyesha makato ambayo mama anasema hakuambiwa. Nilipoipigia ile namba iliyompigia, alipokea mtu asiyehusika kabisa, akasema mimi ni wa tano kumlalamikia. Mama anaona aibu na hataki niwaambie ndugu zangu. Je, fedha zitarudi? Kifaa tukitumie? Na je, wakati umefika wa kumnyang'anya simu?"

Ndugu msomaji, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, keti na mama mpige simu benki, kwa kuwa kila siku inayopita inampa tapeli nafasi ya kukata fedha tena. Tumieni namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, wala si namba yoyote iliyokuja na kifaa, na mama awe karibu kwa sababu benki itataka kumsikia mwenye akaunti mwenyewe. Ombeni kadi ifungwe na itolewe nyingine. Ombeni muamala upingwe rasmi kwa maelezo kwamba mteja alidanganywa. Na ombeni kampuni iliyokata fedha izuiwe kwa jina lake isiweze kukata tena. Hilo la tatu ndilo watu wengi hulisahau. Mitandao mikubwa ya kadi ina huduma inayowafikishia wafanyabiashara wenye makato ya kila mwezi taarifa za kadi mpya ya mteja wao, ili huduma halali zisikatike kadi inapoisha muda, na huduma hiyohiyo inaweza kumnufaisha tapeli. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha kadi, akatulia, kisha mwezi unaofuata akayakuta makato yaleyale. Kama mama alitaja pia namba ya akaunti yenyewe, lisemeni hilo waziwazi, kwa sababu ruhusa ya kukata moja kwa moja kwenye akaunti hufutwa kwa utaratibu wake. Chukueni namba ya kumbukumbu ya malalamiko, na iandikeni pamoja na tarehe na jina la aliyewahudumia.

Kuhusu fedha zilizokwisha kukatwa, matumaini yapo, na yanategemea zaidi njia iliyotumika kulipa kuliko ukubwa wa uongo uliosemwa. Malipo ya kadi ndiyo yanayorejesheka kwa urahisi zaidi, kwa sababu kadi zina utaratibu wa kupinga muamala ambao humlazimisha muuzaji kuthibitisha kwamba mteja alielewa na akakubali. Fedha zilizotumwa kwa simu, zilizohamishwa kutoka akaunti hadi akaunti, au zilizolipwa kwa kusoma namba za kadi za zawadi ni ngumu sana kurudi, kwa kuwa tapeli huziondoa mara zinapoingia. Katika hili mama ana bahati. Muda wa kulalamika hutofautiana kati ya nchi na nchi: Marekani, kwa mfano, sheria ya kadi za mkopo humpa mteja siku 60 tangu atumiwe taarifa yenye kosa, na katika Umoja wa Ulaya na Uingereza mtu aliyenunua kitu kwa simu ana siku 14 tangu kimfikie za kubadili nia bila kutoa sababu. Wiki tatu zisiwavunje moyo. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, muuzaji ambaye hakumweleza mteja haki hiyo ya kubadili nia hujikuta muda umerefushwa hadi miezi 12 zaidi, na matapeli ni nadra kuitaja haki hiyo. Ulizeni benki na mamlaka ya kulinda watumiaji ya mahali mama anapoishi.

Huenda mtu wa benki, au ndugu mmojawapo, akasema kwamba mama hana haki kwa sababu namba za kadi alizisoma mwenyewe kwa mdomo wake. Msilikubali jibu hilo kirahisi. Mama alikubali kitu kimoja, yaani kupokea zawadi iliyokwisha kulipiwa na mwanawe, na akatozwa kwa kitu kingine ambacho hakukisikia. Ridhaa iliyopatikana kwa uongo juu ya jambo la msingi haimfungi mtu kama ridhaa ya kweli. Andikeni maelezo hayo kwa sentensi chache zilizo wazi, na msiyapambe. Wapo pia wanaotishwa kwa kuambiwa kwamba simu ilirekodiwa na mteja anasikika akisema "ndiyo". Rekodi hizo hutengenezwa mwishoni mwa mazungumzo, baada ya uongo kukamilika, ambapo mtu mwingine huingia kwenye simu na kuuliza maswali mafupi yanayojibika kwa neno hilo tu: jina lako ni fulani, anwani yako ni hii, unakubali kupokea kifaa. Sehemu ya kwanza, ile iliyosema kwamba mwana amelipa, haimo kwenye rekodi. Wakitoa rekodi, ulizeni ya mazungumzo yote iko wapi.

Sasa nizungumzie namna mama alivyonaswa, kwa sababu bila kuelewa hilo utamlaumu pasipostahili, na utamlinda dhidi ya jambo ambalo halikutokea. Unaweza kudhani kwamba tapeli alijua habari za familia yenu: kwamba mama ni mjane, kwamba alianguka, kwamba wewe ulikuwa ukimhimiza. Inawezekana hakujua lolote kati ya hayo. Simu ile haikupigwa na mtu. Ilipigwa na programu ya kompyuta inayopewa orodha ndefu ya namba, ikazipiga moja baada ya nyingine usiku na mchana, na kucheza sauti ileile kila inapopokelewa. Gharama ya simu moja ni ndogo kiasi kwamba tapeli hupata faida hata kama watu wachache mno ndio watakaosikiliza. Anachohitaji ni sentensi inayomfaa karibu kila mzee atakayeisikia, na sentensi hiyo ni "mtu wa familia yako amekulipia". Wazee wengi wana mtoto, mjukuu au mpwa anayewahofia. Wengi wamewahi kuanguka, au wanamjua mwenzao aliyeanguka. Mashine haikutaja jina lako. Mama ndiye aliyelijaza, kwa sababu anajua unampenda na unamfikiria. Muulize kwa upole ni nani aliyetaja jina lako kwanza, yeye au yule kijana. Mara nyingi mzee husema kwa furaha, "Aa, hiyo itakuwa ni kazi ya fulani," na kuanzia hapo muuzaji analo jina la kulitumia mpaka mwisho wa mazungumzo.

Kwa hiyo udanganyifu huu haumkamati mtu kwa sababu ya upungufu wa akili. Unamkamata kwa sababu ana haja ya kweli na ana watu wanaomjali. Naomba umwambie mama hivyo, kwa maneno hayohayo, kabla hujamwambia jambo jingine lolote.

Namba iliyoonekana kwenye simu nayo inahitaji maelezo. Namba inayojitokeza kwenye kioo hutumwa na yule anayepiga, na mitambo ya kupiga simu kupitia intaneti humwezesha mtu kuandika namba yoyote anayoitaka, hata ya benki, ya hospitali au ya jirani yenu. Yule bwana uliyempigia, aliyekuambia wewe ni wa tano, ni mhanga mwenzenu: namba yake ilivaliwa na matapeli, na pengine ilitumika kwa siku chache tu kabla hawajahamia nyingine. Kuizuia namba hiyo kwenye simu ya mama hakutasaidia kitu. Halikadhalika kubonyeza namba ya "kuondolewa kwenye orodha" hakusaidii. Sauti hizo husema bonyeza 1 kukubali, bonyeza 5 kukataa, na mpigiwa hujiona amekata mzizi wa fitina anapobonyeza 5. Mashine inachojifunza kwa kitufe chochote kile ni kwamba nyuma ya namba hii yupo mtu anayesikiliza na anayetii maelekezo, na namba ya namna hiyo ina thamani kubwa zaidi inapouzwa. Jibu sahihi ni kukata simu bila kusema wala kubonyeza chochote, na kukata simu ya mashine si utovu wa adabu. Kwa wazee waliolelewa kwamba simu haikatwi mpaka mwenzako aage, jambo hili linahitaji kurudiwa mara kadhaa.

Baada ya mashine huja binadamu, na hapo ndipo kazi yenyewe hufanyika. Yule kijana alikuwa na adabu kwa sababu adabu ndiyo kazi yake. Huuliza habari za afya, husikiliza, hupumzika mzee anapopumzika, na huenda mazungumzo hayo yakawa marefu kuliko yote ambayo mzee ameyapata siku hiyo. Kisha huleta kadi kwa njia ya pembeni: si kwa ajili ya malipo, ni kwa ajili ya kuhakiki tu. Hapa pana kipimo kimoja ambacho mama anaweza kukikumbuka bila shida: hakuna anwani inayohakikiwa kwa namba za kadi, na hakuna zawadi iliyokwisha kulipiwa inayohitaji kadi ya anayeipokea.

Njama hii imekwisha kufichuliwa mahakamani, na kuijua kutawasaidia mtakapoulizwa na benki. Mwaka 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, pamoja na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Florida, ilizishtaki kampuni zilizokuwa zikiwapigia wazee simu za kurekodiwa na kuwaambia kwamba ndugu, rafiki au mhudumu wao wa afya amewaagizia kengele ya dharura. Wazee waliambiwa kwamba kifaa ni bure, kwamba taasisi kubwa za afya zinakipendekeza, na kwamba ada ya uangalizi ya dola 34.95 kwa mwezi ingeanza tu baada ya kifaa kuwashwa. Kwa kweli ada ilianza kukatwa mara moja, kifaa kikiwa kimewashwa au hakijawashwa. Tazama jinsi kiasi hicho kilivyochaguliwa kwa makini. Hakishtui katika taarifa ya benki yenye mistari mingi, na bado kwa mwaka mmoja kinafika dola 419.40. Katika nchi hiyo kumpigia mtu simu ya kurekodiwa ya kumuuzia kitu bila idhini yake ya maandishi kumekatazwa tangu Septemba 2009, kwa hiyo simu yenyewe ilikuwa tayari kosa kabla uongo haujaanza. Mwaka mmoja kabla ya kesi hiyo, Tume ilishtaki kampuni nyingine ambayo iliwaambia wazee kwamba walikwisha kuagiza kengele na sasa wanadaiwa, ikawatumia ankara na vitisho. Nakutajia hili la pili kwa sababu huenda barua kama hizo zikamfikia mama mtakapositisha malipo. Msilipe kwa hofu, na msinyamaze pia: jibuni mara moja kwa maandishi kwamba mkataba unakanushwa kwa kuwa ulitokana na udanganyifu, tunzeni nakala, na barua nyingine zote zipelekwe kwa mamlaka ya kulinda watumiaji au kwa mwanasheria.

Kuhusu kifaa, jibu si jepesi kama unavyoweza kutarajia, kwa maana mara nyingi kifaa chenyewe ni cha kweli na uongo umo katika namna kilivyouzwa. Kengele ya kawaida ina sehemu mbili: kitufe kidogo kinachovaliwa shingoni au mkononi, na kisanduku kinachokaa mezani kikiwa kimeunganishwa na laini ya simu au kikiwa na laini yake ya mtandao wa simu. Mtu akibonyeza, kitufe hutuma mawimbi ya redio kwenye kisanduku, kisanduku hupiga simu kwenye kituo cha uangalizi, na mhudumu huzungumza na mzee kupitia spika iliyo kwenye kisanduku. Mhudumu ndiye anayeamua kumwita jirani, mtoto au gari la wagonjwa. Ukiielewa njia hiyo utaona mara moja mahali inapoweza kukatika: kitufe kikiwa mbali na kisanduku au kikizuiwa na kuta nene, umeme ukikatika na betri ikiwa imekufa, mama akiwa uani ambako spika haisikiki, na baya kuliko yote, simu ikipigwa kwenye kituo ambacho hakina mtu wa kupokea. Huwezi kujua kwa kukitazama kama kituo cha kampuni hii kipo na kina watu usiku wa manane. Kampuni iliyoanza uhusiano wake na mama kwa kumdanganya sioni ni kwa nini aiamini kwa uhai wake.

Ushauri wangu ni kwamba msikiwashe. Wauzaji wa aina hii huweza kutumia kuwashwa kwa kifaa kama ushahidi kwamba mteja aliikubali huduma. Kipigeni picha kikiwa ndani ya boksi, pigeni picha pia bahasha, lebo ya mtumaji na karatasi zote zilizomo. Kisha waandikieni kwamba mkataba umekatishwa na kwamba wakitaka kifaa chao watoe maelekezo na gharama za kukirudisha. Mkikirudisha, tumeni kwa njia inayotoa risiti na namba ya ufuatiliaji, kwa sababu madai ya kwamba hakikufika ni njia nyingine ya kuendelea kukata. Zipo nchi ambazo kitu kilichotumwa bila kuagizwa huwa mali ya aliyetumiwa, lakini msitegemee hilo mpaka mmethibitisha sheria ya kwenu, kwa sababu hapa muuzaji atadai kwamba kiliagizwa. Kwa msomaji mwingine ambaye mzee wake amekwisha kukitumia kifaa cha namna hii kwa miezi kadhaa na anakitegemea, ningesema tofauti: kisiondolewe shingoni mpaka kingine cha kuaminika kiwe kimefika na kimejaribiwa.

Naona wasiwasi wako mkubwa uko kwenye fedha, na ni haki yako, lakini hatari iliyo karibu zaidi na mama ni ile iliyomfanya aisikilize simu ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Madhara mengi hayatokani na kuanguka peke yake. Mzee anayelala sakafuni kwa saa nyingi hupoteza maji mwilini, joto lake hushuka, ngozi na misuli iliyobanwa huanza kuharibika, na figo huweza kuathirika hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Utafiti uliofanywa Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la BMJ uliwafuatilia watu wenye zaidi ya miaka 90 kwa mwaka mmoja. Wengi walioanguka walishindwa kuinuka wenyewe angalau mara moja, na ingawa kengele za dharura zilikuwa zimeenea miongoni mwao, katika matukio mengi ya kulala sakafuni kwa muda mrefu hazikutumika. Kitufe kilikuwa kimewekwa mbali, au hakikuvaliwa, au mzee hakutaka kusumbua watu. Kwa hiyo hata kengele nzuri kabisa, iliyonunuliwa kwa uaminifu, haimsaidii anayeitundika kwenye msumari wa mlango.

Kama mama bado anaitaka kengele, na ninatumaini anaitaka, aichague yeye mwenyewe akiwa na wewe pembeni. Anzeni kwa kumuuliza daktari wake, idara ya ustawi wa jamii au shirika la wazee la mahali anapoishi, kisha nyinyi ndio mpige simu kwa kampuni, badala ya kampuni kuwapigia. Ulizeni ni nani anayepokea usiku, mkataba ni wa muda gani, na unakatishwaje. Takeni kitufe kisichoingiwa na maji, kwa sababu mama alianguka bafuni na bafuni ndiko wengi hukivua. Vipo pia vifaa vyenye kihisi kinachotambua mwili unapoanguka ghafla na kupiga simu vyenyewe. Vinafaa kwa mtu anayeweza kuzimia, ila hukosea pande zote mbili, huweza kulia mtu anapoketi kwa kishindo na huweza kunyamaza anapoteleza polepole akiegemea ukuta. Mahali ambapo hakuna vituo vya uangalizi, kifaa chenye laini ya simu kinachowapigia ndugu watatu kwa zamu kinaweza kutosha, ilimradi ndugu hao wamekubaliana nani yuko karibu na nani ana ufunguo wa nyumba. Na hata bila kifaa chochote, simu ya kila asubuhi kwa saa inayojulikana, yenye mtu aliyepangwa kwenda mlangoni isipopokelewa, ni ulinzi ambao siwezi kuudharau.

Sasa simu. Usimnyang'anye. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu najua linavyokuja haraka akilini mwa mtoto aliyeogopa. Simu ndiyo njia ya mama ya kukufikia akianguka tena, ndiyo inayompunguzia upweke, na upweke ndio unaompa kijana mwenye adabu dakika arobaini za kuzungumza naye. Zaidi ya hapo, mzee aliyenyang'anywa simu kwa sababu alisema ukweli hujifunza kutosema ukweli mara nyingine. Matapeli hutegemea sana ukimya huo. Badala yake, simu nyingi za mkononi zina mpangilio unaoruhusu simu za watu waliohifadhiwa tu zilie, na nyingine zikaingia kwenye ujumbe wa sauti au zikabaki kimya. Kwa simu ya mezani zipo mashine za kuzuia wapigaji wasiojulikana. Hakikisheni hospitali, kliniki, duka la dawa na majirani wamehifadhiwa kabla ya kuuwasha mpangilio huo. Kisha kubalianeni naye sentensi moja atakayoitumia kwa yeyote anayetaja fedha, kifaa au kadi: "Mambo ya namna hiyo huyaamua mwanangu na mimi pamoja, kwa heri." Isemeni pamoja kwa sauti mara mbili tatu. Sentensi iliyokwisha kutamkwa mdomoni hutoka kwa wepesi siku inapohitajika, na haimpi mwenzako upenyo wa kujibu.

Na muwe na kanuni kwamba zawadi yoyote inayosemekana imetoka kwako inathibitishwa kwa mama kukupigia wewe, hata kama ni saa mbaya na hata kama uko kazini. Ukiikubali kanuni hii, ipokee simu hiyo kila mara bila kuonyesha kuchoka.

Kuhusu ndugu zako, aibu ni ya mama na ni haki yake kuamua nani ajue. Hata hivyo mweleze kwamba namba yake huenda sasa imo kwenye orodha ya watu waliowahi kulipa, na orodha hizo huuzwa. Simu itakayofuata inaweza kuwa ya mtu anayejitambulisha kuwa afisa wa serikali, mwanasheria au mfanyakazi wa benki aliyegundua kwamba mama alitapeliwa, na anayeahidi kumrejeshea fedha zake zote kwa ada ndogo ya kufungua jalada. Huyo ni wa genge lilelile, au amenunua orodha kutoka kwao. Nchini Uingereza wametokea wengine wanaowapigia wazee wenye kengele halali: wanajua kwamba laini za zamani za simu zinahamishiwa kwenye mtandao wa kidijitali, kazi iliyopangwa kukamilika Januari 2027, na wanadai namba za benki ili kengele "isikatwe". Mama akikuruhusu, waambie ndugu zako angalau sehemu hii, kwamba kuna watu wanaowapigia wazee kwa njia hizi, bila kusema yaliyompata. Mara nyingi mzee akisikia watoto wake wakilizungumza jambo hilo bila dharau, husimulia mwenyewe.

Mengi ya haya mnaweza kuyafanya mkiwa nyumbani, lakini yapo yanayohitaji mtu wa ana kwa ana. Benki ikikataa malalamiko kwa simu, mpeleke mama tawini akiwa na picha na karatasi zote, na ombeni kuonana na anayehusika na udanganyifu. Mtu yeyote akija mlangoni kudai kifaa au fedha, au akitoa vitisho vya kumdhuru, hilo ni la polisi siku hiyohiyo. Muone daktari bila kuchelewa iwapo, ukitazama nyuma kwa mwaka mzima, unaona mabadiliko ambayo hayahusiani na simu hii: bili anazozilipa mara mbili, dawa anazozisahau, njia anazozijua zinazompotea, au mikataba mingine ambayo hakumbuki kuikubali. Kosa moja la kumwamini mtu mwenye adabu si dalili ya ugonjwa wa kusahau, na usimpeleke kwa sababu hiyo peke yake. Yapo pia maradhi yanayovuruga kumbukumbu na yanayotibika, na hayagunduliki bila kupimwa.

Lakini kuna ziara moja ya daktari ambayo ningeipanga wiki hii hata kama kumbukumbu zake ni safi kabisa, nayo ni kwa ajili ya kule kuanguka kwa mwaka jana. Hukuniambia kama aliwahi kuchunguzwa. Daktari apime shinikizo lake la damu akiwa amelala na tena akiwa amesimama, kwa sababu shinikizo linaloshuka mtu anapoinuka huwaangusha wazee wengi bafuni alfajiri. Aangalie macho na miguu. Na apitie dawa zake, hasa za usingizi na za shinikizo. Mwende na vyombo vyote vya dawa anazozitumia, pamoja na za mitishamba na alizonunua bila kuandikiwa na daktari.